Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Mafundi wa Visu

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoniagiza, nawasilisha taarifa ya mwaka unaokwisha. Mengi mnayajua, nitayapitia haraka. Darasa la kufua chuma kwa wanaoanza lilifanyika mara 4. Siku ya tanuri wazi ilifanyika, wageni walikuja, hakuna aliyeungua. Nyundo ya umeme iliharibika na imetengenezwa. Mafunzo ya kushona ala za ngozi yaliahirishwa mara 2 kwa kukosa watu, ingawa ni ninyi wenyewe mlioyaomba. Mkutano mkuu uliopita haukutimiza akidi, ukaitishwa upya, na ule wa pili ulitimia kwa sababu mimi na Katibu tulikaa tukiwapigia watu simu mmoja mmoja.

Kuhusu uanachama, daftari lina majina 61. Waliolipa ada yote ni 24, waliolipa nusu ni 9, na 28 hawajalipa kitu. Mikutano ya kila mwezi imehudhuriwa kwa wastani na watu 14. Kati ya wale 28, watu 11 walikuwepo siku ya mashindano yetu ya visu, wakala, wakapiga picha na visu vya wenzao, na wengine kati yao ndio waliolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote kuhusu matokeo. Mweka Hazina aliniomba nisiliseme hili. Nimelisema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, nadhani, ndilo litakalowafanya baadhi yenu wasome taarifa ya mwenyekiti kwa mara ya kwanza.

Mashindano yetu ya kirafiki ya kisu bora cha bowie (kile kisu kikubwa cha Kimarekani chenye kinga ya mkono) kilichotengenezwa kwa mkono yalipokea visu 17. Kila kisu kilipewa namba, na muhuri wa fundi ukafunikwa kwa utepe. Utepe huo lilikuwa wazo langu, na nakumbuka ni nani walicheka nilipolitoa. Waamuzi walikuwa 3. Pointi 100 ziligawanywa hivi: umbo na ufuaji 30, uungaji wa sehemu 25, mpini na mizani ya kisu mkononi 20, ala 10, kukata 15. Mwishoni visu 2 vilifungana kwa pointi 87, namba 6 na namba 13. Kanuni zinasema pointi zikilingana mwenyekiti ataamua. Niliamua. Nilikipa ushindi kisu namba 6, na hapo ndipo malalamiko yalipoanza.

Sikatai kwamba namba 13 kilikuwa kizuri. Kilifuliwa kwa tabaka za aina 2 za chuma, 1084 na 15N20, na baada ya kulowekwa kwenye asidi ile 15N20 yenye nikeli ilibaki iking'aa katikati ya weusi kama maji yanayotembea. Ncha yake ilikuwa imekatwa upande wa mgongo kwa ule mbonyeo ambao kila mtu akiuona husema hii ndiyo bowie. Mpini wa pembe, kinga ya mkono ya shaba. Watu walikuwa wamezunguka meza yake tangu asubuhi. Namba 6 hakikuzungukwa na mtu. Chuma cha 5160, kile cha springi za magari, mgongo ulionyooka mpaka kwenye ncha, mpini wa mti mweusi usio na nakshi yoyote.

Lakini uamuzi wa kisu haufanywi kwa kukizunguka. Nilichukua tochi, nikaiweka nyuma ya kinga ya mkono pale bapa linapoingia, taa za ukumbi zikiwa zimezimwa. Kwenye namba 6 haikupita hata chembe ya mwanga. Kwenye namba 13, upande wa kushoto, palikuwa na uzi mwembamba wa mwanga, na penye kupita mwanga patapita maji, na maji yakishaingia kwenye mkia wa kisu ndani ya mpini kutu haibishi hodi. Kisha makali. Visu vyote viwili vilikata kwa pigo moja kamba ya katani ya inchi 1 inayoning'inia. Vyote viwili vilikata mbao ya mbili kwa nne mara 2. Baada ya hapo namba 6 kilinyoa nywele za mkono wa mwamuzi kana kwamba hakijafanya kazi. Namba 13 kilinyoa pia, isipokuwa pale tumbo la makali linapoanza kupinda kuelekea ncha. Chini ya lenzi palionekana kimeguko kidogo, si kikubwa kuliko punje ya chumvi. Maoni yangu, na nina haki ya kuwa nayo kwa miaka niliyosimama mbele ya tanuri, ni kwamba kisu kilipotoka kwenye mafuta ya kukipoza ili kiwe kigumu, hakikupashwa tena kwa subira ili kisiwe chepesi kumeguka. Saa 2, kipoe, halafu saa 2 nyingine kwenye nyuzi 200 hivi, si mambo ya kuharakisha usiku wa kuamkia mashindano.

Nimeambiwa kwamba kasoro hizo zilishahesabiwa kwenye pointi, kwa hiyo sikupaswa kuzirudia. Najua zilihesabiwa. Lakini pointi zikilingana lazima mtu aangalie kitu, na mimi niliangalia kama kisu kinaweza kazi iliyofanya kikaitwa kisu.

Lalamiko la pili ndilo lililonisikitisha, maana limetoka kwa watu ninaowaheshimu: kwamba namba 6 si bowie kwa kuwa mgongo wake umenyooka. Ndugu zangu, tusome. James Bowie alipata jina kwa ugomvi wa kwenye kisiwa cha mchanga cha mto Mississippi karibu na Natchez tarehe 19 Septemba 1827, na akafa vitani kwenye ngome ya Alamo, Texas, tarehe 6 Machi 1836. Hakuna kisu kilichobaki ambacho kimethibitishwa pasi na shaka kuwa ndicho alichokishika siku ya ugomvi ule. Lakini kaka yake, Rezin Bowie, aliandika barua mwaka 1838 akisema kisu cha kwanza kilikuwa chake, naye ndiye aliyempa mdogo wake. Akatoa na vipimo: urefu wa inchi 9 na robo, upana wa inchi 1 na nusu, makali upande mmoja, bapa lisilopinda. Lisilopinda. Ukikitoa kisu cha Rezin mwenyewe kwenye mashindano ya bowie, sijui unabaki na nini. Hata viwanda vya Sheffield kule Uingereza, vilivyowauzia Wamarekani maelfu ya bowie katika karne ya 19, vilitengeneza nyingi zenye ncha iliyonyooka kama ya mkuki. Ile ncha ya mbonyeo ni nzuri, mimi mwenyewe naifua, lakini haijawahi kuwa sharti, na katika kanuni zetu haimo. Anayetaka iwemo alete hoja kwenye mkutano mkuu. Na kwanza aje kwenye huo mkutano.

Lalamiko la tatu ni kwamba jambo la kirafiki halikuhitaji kuvijaribu visu vya watu kwa kukatia vitu. Kanuni zilitumwa kwenye kundi miezi 2 kabla, na kundi linaonyesha nani alifungua ujumbe na nani hakufungua. Wenzetu wa American Bladesmith Society, chama kilichoanzishwa 1976, humpima mtahiniwa wao kwa kamba, kwa mbao, kwa kunyoa, halafu kisu kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90. Sisi hatukupinda kisu cha mtu yeyote. Urafiki ndiyo huo.

La nne limesemwa pembeni tu, halikuandikwa, lakini limenifikia. Ni kweli fundi wa namba 6 aliwahi kujifunza kwenye tanuri langu. Hata fundi wa namba 13 aliwahi kujifunza kwenye tanuri langu. Wengi wenu mmewahi, na wachache wamewahi kusema asante. Utepe ulitolewa mbele ya watu wote baada ya mimi kutangaza uamuzi, na waamuzi wote 3 wametia saini karatasi ya pointi, ambayo iko kwa Katibu kwa yeyote anayetaka kuiona. Mpaka naandika haya hakuna aliyekwenda kuiona.

Nimshukuru fundi wa namba 13 mwenyewe, ambaye katika yote haya hakusema neno. Siku mbili baadaye alikuja na kisu chake kuuliza kuhusu kile kimeguko. Tulikinoa tena pamoja, na sehemu ile ikakaa sawa.

Kuhusu mwaka ujao, kamati ina matumaini ya kupata ukumbi mkubwa zaidi, kuwaalika waamuzi kutoka nje ya chama, na Mungu akipenda kununua tanuri la gesi la kufundishia. Yote yanategemea hali ya mfuko, na hali ya mfuko inategemea wale 28 na wale 9. Mafunzo ya ala yatatangazwa tena. Pia kuna mawazo ya kufungua kundi la pili la mashindano kwa visu vya mtindo huru, kama kutapatikana mtu wa kulisimamia. Si mimi.

Mwisho, jiliwa ndogo ya chama, ile yenye rangi ya kijani, haijaonekana tangu siku ya mashindano. Aliyeichukua airudishe kwa Mweka Hazina. Hataulizwa maswali, ila kama anadaiwa ada, aje nayo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti