Turudishieni katuni kama hizi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenye vituo vya televisheni watuonyeshee katuni za zamani. Hapa Majengo, Moshi, wajukuu zangu wameiona kwenye simu katuni ya Feed the Kitty ya mwongozaji Mmarekani Chuck Jones, ya mwaka 1952. Mbwa mkali, Marc Anthony, anambwekea mtoto wa paka. Mwenzake wala hatishiki, anampanda mgongoni, anamkandakanda kwa kucha, analala. Baadaye mbwa anadhani paka wake ameokwa ndani ya biskuti. Akipewa biskuti yenye umbo la paka, anaiweka mgongoni na kulia kwa kwikwi. Mjukuu wangu mdogo, anayependa kurushia paka mawe, naye alilia! Za siku hizi ni ngumi tupu. Tafadhali, ziwekeni jioni, kabla ya taarifa ya habari.

Bibi wa Majengo,
Moshi