Mwanangu, chora na rangi iliyopo

Mwanangu Athumani,

Ama baada ya salamu, sisi huku Mji wa Kale, Mombasa, hatujambo, alhamdulillahi. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umeweka brashi chini kwa kuwa rangi za mirija ni ghali huko Nairobi na kanvasi haishikiki bei. La bei nalielewa. La kuacha ndilo lililoninyima usingizi.

Unaukumbuka ule ukuta wa michoro ndani ya Fort Jesus? Wareno walianza kuijenga ngome ile 1593, na karne iliyofuata watu wao wakachora humo meli na watu, kwa makaa na udongo mwekundu. Waliyoufanyia mji huu siyapendi hata leo. Lakini nikizitazama zile meli namwona mtu aliyekuwa na hamu ya kwao, na kipande cha kaa ndicho alichokuwa nacho mkononi.

Halafu mfikirie Edward Tingatinga. Alitoka kusini mwa Tanganyika kwenda kutafuta maisha, na mnamo 1968 akaanza kuchora Dar es Salaam kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Rangi hiyo wewe waijua: inang'aa, na ikikauka imekauka. Haikubembelezi kama ile ya mirija. Inakutaka uweke rangi safi kando ya rangi safi na mkono usisite. Basi wanyama wake wakatoka na ule mng'ao na zile kingo kali, kwa sababu kopo lenyewe lilitaka hivyo. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, Mungu amrehemu. Miaka michache ile ilitosha kuacha mtindo wenye jina lake.

Wanaonichosha ni wanaomwiga. Maduka ya watalii pwani hii yamejaa twiga walewale. Wewe usichore twiga, babangu. Chora watu wanavyomiminika kutoka feri ya Likoni alfajiri, buibui zikipeperushwa na upepo wa bahari, na yule wa mkokoteni anayeegemea mzigo wake akingoja njia.

Na usidhani ni wasio na kitu pekee wanaochora hivyo. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984, picha zake zinatundikwa katika majumba makubwa ya Ulaya, naye huchora juu ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti kinachopondwa Uganda. Kina matundu na mishono. Yeye huyaacha, yakawa sehemu ya picha.

Jana nilipita Bandari ya Kale nikamkuta fundi akiandika jina kwenye ubavu wa mashua. Kidole chake kidogo kilikuwa kimegusa ubao kama nguzo, brashi ikizunguka herufi ya Kiarabu, *mim*, bila kunyanyuka, na kila baada ya herufi aliifuta ncha kwenye kanga kuukuu. Nilisimama hadi jua likaniuma. Ukija likizo nenda ukae naye. Mkono ule hauuzwi dukani.

Vincent van Gogh alichora miaka kumi tu hivi, na muda mwingi nduguye Theo ndiye aliyemtumia pesa. Kwa hiyo usione haya kusaidiwa. Kila mchoraji ana mtu nyuma yake, na wako ni mimi, kadiri duka la kanga litakavyoniruhusu.

Nimekutumia kitu kidogo kwa simu. Si pesa ya kodi hiyo. Nunua makopo madogo ya rangi ya mafuta: nyeupe, nyekundu, buluu na manjano. Kwenye brashi usibane mkono, chukua nzuri. Hadibodi waombe maseremala, mabaki hawayakosi. Ukimaliza picha ya kwanza ipige uitume, hata kama hujaipenda. Ukutani juu ya mizani ya babako pana nafasi, na bei utaitaja wewe mwenyewe. Wateja wakiuliza, nitawaambia hiyohiyo.

Mamako