Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaocheza mpira vyuoni Marekani

Wanangu,

Salamu kutoka Baltimore. Nasikia ule ubishi wa mpira au shule umerudi, na kwamba baadhi yenu mliomaliza shahada mnaona haya kusema mnafundisha timu za watoto huku mkidunduliza ada ya udaktari. Haya ya nini?

Charles Drew, daktari mpasuaji Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Washington, alisoma Amherst College kwa ufadhili wa michezo, akawika katika riadha na katika futiboli yao ile ya kofia ngumu. Alipohitimu mwaka 1926, fedha za kusomea udaktari hakuwa nazo. Akaja hapa hapa Baltimore, Morgan College, akasimamia michezo na kufundisha baiolojia na kemia kwa miaka miwili. Ndipo akaenda McGill, Kanada, akamaliza mwaka 1933 akiwa wa pili kati ya wanafunzi 137. Ile miwili nani anamhesabia hasara?

Mnamjua kwa habari ya benki za damu. Ni kweli: mwaka 1940, Uingereza ikipigwa mabomu, yeye alisimamia kazi ya kukusanya plazma, yaani majimaji ya damu, New York ipelekwe huko. Mimi lakini namvulia kofia kwa aliyoyafanya Chuo Kikuu cha Howard. Kuanzia mwaka 1941 aliongoza idara ya upasuaji, akawanoa madaktari weusi wakati hospitali nyingi ziliwafungia milango, kama kocha anavyonoa kikosi kisichopewa hata uwanja wa mazoezi. Desemba 1948 kundi lake la kwanza likafanya mtihani wa Bodi ya Upasuaji ya Marekani, chombo kinachowaidhinisha madaktari wapasuaji. Wote walifaulu, na alama mbili za juu kabisa zilikuwa za vijana wake. Ukocha ule wa Morgan haukupotea.

(Ile hadithi kwamba mwaka 1950, baada ya ajali ya gari North Carolina, alikufa kwa kunyimwa damu na hospitali ya wazungu, acheni kuisambaza. Alitibiwa, majeraha yalimshinda. Wamesema wenzake waliokuwa naye garini.)

Basi, mnaofundisha watoto, fundisheni bila kujificha. Nanyi mnaocheza bado, kabla ya kusaini karatasi za msimu ujao muulizeni kocha: kipindi cha maabara kikigongana na mazoezi, niende wapi? Akisitasita, msisaini siku hiyo.

Mzee wenu