Vinyweleo vya mizizi: mbegu haina kosa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha zako nimeziona, pamoja na swali lako: kwa nini mbegu ya kikombeni haikuota vinyweleo, yaani nywele ndogo za mzizi, na kama weupe wa picha ya pili ni ukungu. Usiitupe mbegu ya mahindi iliyooteshwa kwenye kikombe cha maji ukidhani ni mbovu. Mzizi wa mhindi ukizama majini huota vinyweleo haba, pengine usiote kabisa. Ukiwa kwenye hewa yenye unyevu, hujaa kama mahameli.

Kila kinyweleo ni seli moja ya ngozi ya mzizi iliyorefuka kwenda nje, upana wake takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Ngozi yake ni nyembamba mno, ndiyo maana ukiacha wazi sahani ya kuoteshea vinasinyaa upesi. Lowesha karatasi iliyo chini ya mbegu, kisha inamisha sahani: maji yakitiririka, yamezidi. Funika, uweke penye joto la nyuzi 25 hivi kwa siku tatu au nne. Ule weupe wa picha ya pili si ukungu, maana umeuzunguka mzizi sawasawa na kuiacha ncha tupu. Ukungu hauchagui, hupanda hadi kwenye punje.

Kuhusu jaribio lako la kulinganisha sahani yenye kirutubisho cha fosforasi na isiyo nacho, hapo mahindi yatakudanganya. Punje ina akiba yake, kwa hiyo siku za mwanzo sahani zote mbili zitafanana. Tumia haradali au kabichi, mbegu ndogo. Fosfeti, yaani fosforasi katika umbo ambalo mmea huifyonza, husogea polepole sana udongoni, na mzizi humaliza haraka iliyo jirani. Mmea wenye njaa hurefusha vinyweleo ili ufike mbali zaidi. Kwa Arabidopsis, jamaa wa kabichi, urefu huweza kufika mara tatu.

Kosa la kawaida ni kuondoa fosfeti ya potasiamu kwenye mchanganyiko wa virutubisho bila kuirudisha potasiamu. Hapo umepima upungufu wa vitu viwili kwa pamoja, na matokeo hayana maana. Ongeza kloridi ya potasiamu kufidia, na pH (kipimo cha uasidi) iwe sawa kote, 5.8 hivi, kwa sababu asidi kali nayo huzuia vinyweleo.

Pima ukiwa umelaza mzizi ndani ya tone la maji, la sivyo vinyweleo hugandamana. Chagua vya umbali uleule kutoka kwenye ncha, kwa kuwa vilivyo karibu nayo bado vinakua. Ukiona vilivyogawanyika matawi mawili, kagua kwanza chuma kwenye mchanganyiko wako.

Nitumie vipimo ukivipata.

Wako,
Rafiki yako