Pilipili Imeiva Mwezi wa Sita

Hamburg, 14 Juni

Bibi yangu kipenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mjukuu wako, mumeo wa huku, sijambo, kazi inakwenda, ila jua sasa linazama karibu na saa nne usiku, na Isha tunaisubiri mpaka usiku wa manane.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Pilipili moja tu, mpaka ulale nayo chumbani?" Wakacheka wote hapo barazani, na mtandao ukakatika nikiwa ndiyo kwanza nafungua mdomo. Basi naandika. Mdogo wangu akusomee polepole, na palipo na ujinga wangu asiongeze chumvi, iliyopo inatosha.

Habari yenyewe ni kwamba Jumanne nimechuma pilipili mbuzi ya kwanza. Imeiva, ya njano kama zile za uwani kwako, na huu ni mwezi wa sita! Huku mwezi wa sita watu ndiyo wametoka kuhamishia miche yao nje. Wanaopanda pilipili mbuzi kwa mbegu huziona zinaiva mwezi wa tisa, wengine wa kumi, na wengine baridi huwakuta nazo zikiwa bado za kijani.

Mbegu za mbuzi zinadeka, Bibi. Udongo usipofika nyuzi 25 hivi haziamki, na hata ukifika, ngoja wiki mbili, tatu. Kisha mche unakua kwa kusitasita. Zile pilipili ndefu nyembamba zina haraka kidogo, wala sizisumbukii, lakini mbuzi, tangu kufukia mbegu hadi kuchuma iliyoiva, anakula miezi mitano na zaidi. Sasa nje huku joto la kumfaa lipo kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa. Piga hesabu mwenyewe uone kama inaingia.

Na Wajerumani wengi wanauchukulia mpilipili kama mahindi: panda, vuna, ng'oa. Nilipowaambia wenzangu kazini kwamba nyumbani Ngamiani kulikuwa na mpilipili niliouacha umesimama nilipokwenda sekondari, na tangu niko darasa la nne ulikuwa ukizaa, walidhani nawapiga porojo. Hawajui kuwa ni mti wa miaka. Baridi ndiyo inayouua.

Na baridi hii si kipupwe chenu cha Julai cha kujitanda kanga mbili. Mwaka wa kwanza niliuacha mpilipili wangu kwenye roshani hadi mwisho wa mwezi wa kumi, kwa sababu bado ulikuwa na maua na roho iliniuma kuusumbua. Usiku mmoja tu umande ukaganda. Asubuhi majani yamelala, yamesawijika, kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Nikauingiza ndani, nikaumwagilia maji ya uvuguvugu kama anayehudumia mgonjwa. Ulishakufa zamani.

Mwaka wa pili nikajifanya mjanja. Niliingiza mitatu mapema, na majani yake yote, nikaipanga dirishani juu ya hita. Si joto ndilo inalotaka? Kumbe mwezi wa kumi na mbili jua la huku linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi jioni limeshazama, na hilo lenyewe ni kama chemli iliyoishiwa mafuta. Hita inauambia mti ukue, na giza linauambia ulale. Ikarefuka vijiti vyembamba, rangi ya maji ya mchele. Halafu wakaja wadudu mafuta. Uwani kwako wapo, lakini wana wa kuwala. Ndani ya nyumba nani awale? Na jike lao halihitaji hata mume, linazaa tu, na watoto wake baada ya wiki moja hivi nao wanazaa. Kioo cha dirisha kikawa kinanata kama sahani ya kaimati. Mimi nikiona jani limeanguka nasema ni kiu, naongeza maji. Mizizi ikaoza. Miwili ikaenda zake, mmoja ukabaki kijiti.

Aliyeniokoa ni bibi mwenzio. Usione wivu. Anakaa ghorofa ya chini, ana miaka themanini na kitu, na tulianza kwa ugomvi. Nilikuwa nimekiweka kile kijiti kwenye dirisha la ngazi za jengo, kwa kuwa pale pana ubaridi na mwanga. Akanibandikia karatasi mlangoni: ngazi ni njia ya watu, moto ukitokea tutapita wapi? Nikashuka kuomba radhi na sahani ya visheti. Akaonja, akauliza ule mti ni wa nini. Nilipomweleza akachukua funguo, akanishusha stoo iliyo chini ya ardhi, akanionyesha jeraniamu zake, ndoo kumi na moja. Zote zimekatwa zimebaki visiki, udongo umekauka, dirisha dogo kama la choo. Kila mwaka anazifanyia hivyo, zikitoka huko mwezi wa tano zinachanua roshani nzima. Nyingine anazo tangu mumewe yu hai. Mimi nilikuwa nahangaika kuulazimisha mti kukesha, yeye alikuwa akiilaza yake.

Basi mwaka jana, mwisho wa mwezi wa tisa, usiku ulipoanza kushuka chini ya nyuzi 12, nilichuma pilipili zote za ule mti uliosalimika, mbivu na mbichi. Nikashika mkasi nikaupogoa mti hadi ukabaki shina na matawi mawili, mfano wa manati. Kila tawi nikaliachia vifundo viwili vitatu, maana ndipo panapochipua. Nikautoa kwenye ndoo yake, nikakung'uta udongo wote wa zamani kwa kuwa wadudu hujificha humo, nikaosha mizizi, nikapunguza ile ya pembeni, nikautia kwenye kopo la kadiri ya sado lenye udongo mpya. Shina nikalifuta kwa maji ya sabuni. Nilijiona kama naosha maiti, Mungu anisamehe.

Na chumbani kwangu ndiyo ukaingia, kwa sababu ndicho chumba pekee nisichowasha hita. Nyuzi 13, 14. Mimi nikajiongezea blanketi. Kwa hiyo jibu la swali lako, Bibi, ni ndiyo, nililala nao karibu miezi mitano. Maji ni kikombe kimoja cha kahawa kila baada ya wiki mbili au tatu, na kabla ya kumimina nazamisha kidole: nikikuta unyevu, naacha. Mbolea hakuna kabisa.

Wewe uliyenifundisha kumwagilia kila siku baada ya Alasiri ungenichapa. Kuosha na kukata nilikuweza. Kuuacha bila kuugusa ndiko kulikotaka kunishinda. Desemba kijiti, Januari kijiti. Mgeni mmoja alikuja akatundika kofia yake juu yake. Kila Ijumaa nilikuwa nakwaruza gamba kwa ukucha, nikiona kijani chini yake nashusha pumzi. Nilikwaruza mpaka shina likajaa makovu, yule bibi wa chini akanigombeza kwamba baridi haikuuua lakini mimi nitauua.

Katikati ya Februari siku zilipoanza kurefuka, nikauhamishia sebuleni kwenye joto, nikauwashia taa ya LED ya wati 30, saa 14 kwa siku. (Mama asisomewe hapa. Anavyolalamikia umeme wa huko, akisikia taa ya pilipili atakuja na ndege. Na ni kama yuro tano tu kwa mwezi.) Siku ya tisa nikaona kidoa cha kijani kwenye kifundo, kama punje ya mtama. Niliita kwa sauti, na nilikuwa peke yangu.

Yalipopatikana majani ya kutosha nikaanza mbolea ya nyanya, nusu ya kipimo. Ile ya kukuzia majani siitaki, utapata kichaka kizuri kisicho na pilipili. Aprili ukachanua ndani kwa ndani, hakuna upepo wala nyuki, basi kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa napitisha brashi ya kuchorea, ua moja hadi jingine. Februari hiyohiyo nilifukia na mbegu mpya ili nilinganishe: leo mche ule una shubiri moja na nusu, na ua hata moja hauna. Huu wa zamani shina lilikuwapo, mizizi ilikuwapo, kazi ilikuwa kuchipua tu.

Kuutoa nje nako kuna siku zake. Wazee wa huku wana hesabu ya watakatifu wa barafu, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei, kila siku ina jina la mtakatifu mmoja, na wa mwisho ni mwanamke, wanamwita Sophie wa Baridi. Kabla Sophie hajapita usitoe nje mmea wa joto. Nilimngoja apite, kisha nikautoa saa moja kivulini, kesho yake mbili, hivyo hivyo wiki nzima, kwa sababu majani yaliyoota chini ya taa jua huyababua yakawa meupe.

Zimebaki kumi na saba mtini. Ile ya kwanza niligawana na bibi wa chini. Nilimwambia achukue kipande kama ukucha, na ule utando mweupe wa ndani autoe, maana ukali uko humo kuliko kwenye mbegu. Hakunisikia. Dakika tano hazikupita akanigongea, ameshika glasi ya maziwa, macho mekundu, akatamka neno moja la Kijerumani ambalo silitafsiri mbele yako. Alipotulia akauliza kama mwakani nitampa mche wake.

Nusu yangu nilitia kwenye maharage ya nazi, nazi ya kopo, utanisamehe.

Nina swali, na nataka jibu la kweli. Ule mpilipili wako wa karibu na karo, uliwahi kuukata? Nakumbuka mbuzi wa jirani aliingia uwani akautafuna mpaka kisiki, ukamtukana mwenye mbuzi wiki nzima, halafu mvua ziliponyesha ukazaa kuliko miaka yote. Kama sikuota, basi mbuzi yule alijua kazi hii kabla yangu. Na kama shina bado lipo, mdogo wangu alipige picha, aweke sarafu ya shilingi mia pembeni nione unene.

Msalimie Mama, na wote wa barazani waliocheka.

Mumeo mdogo