Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024

Wanachama wenzangu, habari za wakati huu. Misiba 2 tumezika, harusi 3 tumechangia, wagonjwa tumewaona, hayo mnayajua siyarudii. Tuko 46, waliomaliza ada 19, makusanyo 1,675,000, deni 1,085,000. Mkutano wa Septemba tulikuja 11 na akidi ni 23, tukasubiri mpaka saa kumi tukatawanyika. Kiukweli inavunja moyo.

Sasa hili la 420,000 za safari ya Bagamoyo, tulizomlipa mchapaji aandike upya hati zetu ili wenzetu wasioona wazisikilize kwenye simu. Nimesikia mwenyekiti kajiamulia. Jamani, nililileta Septemba, akidi ikakosekana, nikakaa na katibu na mweka hazina tukakubaliana, mngekuja mngelipinga palepale. Tuna wenzetu 3 hawaoni na mmoja ana uoni hafifu, na miaka yote tunawatumia katiba na kumbukumbu za vikao zilizopigwa picha kwa simu au kuskaniwa, simu inafika kwenye faili inasema picha basi. TalkBack, programu inayomsomea mtu kwa sauti yaliyo kwenye simu, ipo tayari kwenye simu nyingi za Android, NVDA inayofanya kazi hiyohiyo kwenye kompyuta ni ya bure na Kiswahili inatamka, kwahiyo vifaa wanavyo, kilichowafungia nje ni faili zetu. Na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, sheria yetu ni ya 2010, hii ni haki yao.

Mnauliza kwanini tusitumie programu ya kugeuza picha kuwa maandishi. Tulijaribu, mimi mwenyewe nilikesha nayo siku 2, palipoandikwa kwa mkono na pale muhuri ulipofunika maneno ikatoa herufi za ajabu, mchango wa 10,000 ukasomeka 1,000. Ndo tukamlipa mchapaji. Katiba ina kurasa 24, na vichwa vya ibara zake vimewekwa kwa mtindo wa kichwa (Heading) kwenye programu ya Word, sio kukoleza wino na kukuza herufi tu, kwahiyo asiyeona anaruka toka ibara ya 3 mpaka ya 9 bila kusikiliza zote. Wanaosema hati bila muhuri sio hati, ile yenye muhuri na saini ipo kwa katibu, hakuna aliyeitupa.

Halafu orodha ya ada. Wadaiwa tulikuwa tunawapaka nyekundu, na simu inasoma jina haisemi rangi, mwenzetu mmoja akakaa miezi 5 hajui kama anadaiwa. Tulipoandika neno ANADAIWA alilipa 25,000 wiki hiyohiyo. Ninyi mnaoiona nyekundu kila mwezi mbona hamlipi? Inaniuma.

Mwakani Mungu akijalia tutamalizia kumbukumbu za vikao vya nyuma, na Bagamoyo tutaenda pesa ikipatikana. Mnaodaiwa mtumieni mweka hazina pesa kabla ya mkutano, na ukituma picha ya risiti andika kiasi chini yake, maana mmoja wa wakaguzi wetu wa hesabu haoni.