Kwenu vijana wa biashara mnaoutaka uongozi

Wanangu,

Juzi nimeshuhudia dalali akinadi mizani, friza na rafu za duka la kijana niliyemjua tangu akiuza unga wa kupima. Aliliweka duka dhamana agombee udiwani, na kura hazikutosha. Mkewe alisimama mlangoni, daftari la madeni kifuani. Sikulala.

Nilimkumbuka Robert Morris, mfanyabiashara wa karne ya 18 wa Philadelphia, Marekani, aliyeingia siasa. Alitoka Liverpool akiwa mtoto wa miaka 13, akajifunza kazi katika biashara ya akina Willing, na mwaka 1757 akawa mshirika wao. Meli zao zilibeba bidhaa, na watumwa pia. Mnapomsifu, hilo msilifiche. Alitia sahihi Tangazo la Uhuru la Marekani. Mwaka 1781 akakabidhiwa hazina tupu ya serikali, naye akatoa hati za kuahidi malipo zenye jina lake mwenyewe. Watu wakazipokea, kwa kuwa waliliamini jina hilo kuliko fedha ya serikali.

Sahihi hiyohiyo ndiyo iliyommaliza! Akiwa seneta, alinunua mamilioni ya ekari kwa mkopo, akitumaini kuwauzia watu wa Ulaya kwa faida. Wanunuzi hawakutosha. Akadhamini hati za wenzake wa biashara ya ardhi, Nicholson na Greenleaf, nao wakadhamini zake, deni likishikilia deni. Na bado anajenga jumba la matofali na marumaru mtaa wa Chestnut! Halikuisha. Februari 1798 akatiwa gerezani kwa madeni, akakaa zaidi ya miaka mitatu. George Washington mwenyewe alikwenda kula naye chakula mlemle.

Na sisi wazee tuna lawama. Mgombea akija na msafara wa magari tunampigia vigelegele. Akija kwa miguu tunauliza ametuletea nini. Tunawasukuma wenyewe kwa mkopeshaji.

Mtaji wa duka usiguswe na kampeni. Usidhamini deni usilolijua. Kiasi utakachopoteza kijue kabla ya kuchukua fomu.

Na mwambie mkeo, mwanangu. Mary Morris alikwenda gerezani kila siku kula na mumewe. Robert alipotoka mwaka 1801, waliishi kwa dola 1,500 kwa mwaka, malipo ya Mary, kwa kuwa kampuni ya Waholanzi iliyonunua ardhi ya mumewe ilihitaji sahihi ya Mary aachie haki yake ya mke katika ardhi ile. Yule wa mlangoni, mwenye daftari, alijua habari za mkopo siku dalali alipobisha hodi.